Arobaini, Kati ya Daraja na Josho

Jumatatu, 4 Machi 1985

Mdomo wangu huu utanitia mashakani mpaka nizeeke. Leo kamati ya kata imekaa kujadili bustani ya mapumziko ambayo mji wetu wa Karatu unataka kuitengeneza kando ya kijito cha Endaharo, ili wageni wanaopanda Ngorongoro wapate pa kunyoosha miguu na sisi wenyewe tupate pa kupunga upepo Jumapili. Bustani naitaka. Lakini Mwenyekiti Raphaeli anataka kichaka chote cha ukingoni kifyekwe kwanza, halafu mikaratusi elfu mbili iingie kwa mistari. Mikaratusi yenyewe nimeiotesha mimi kitaluni kwa amri, bila kuambiwa inakwenda wapi.

Nikasimama. Nikasema mkaratusi una kiu kuliko ng'ombe, na kijito hiki mwaka jana kwenye ukame kilibaki uzi. Mwenyekiti akauliza kwa upole wake ule wa kuudhi kwamba hicho kichaka kina nini zaidi ya lantana na nyoka. Nikajibu kina miti si chini ya aina arobaini. Namba hiyo sijui niliitoa wapi. Ilitoka tu.

"Basi iandikwe," akasema Mwenyekiti. Katibu akaandika, nami nimeinakili hapa nisije nikajifanya nimesahau: Ndugu Evarista Sulle, msaidizi wa misitu, alete orodha ya aina arobaini za miti, mikubwa kwa michanga, iliyo hai, kati ya daraja na josho, kwenye kikao cha tarehe 31 Mei. Zikitimia, kichaka kibaki. Zisipotimia, kifyekwe. Lantana haihesabiwi, na hilo nimelikubali mwenyewe.

Jumatano, 6 Machi

Nimehesabu. Kumi na saba.

Alhamisi, 7 Machi

Nimerudia, labda jana macho yalikuwa na vumbi. Nina kamba ya katani niliyoifunga mafundo kila mita kumi. Naitandaza kwa mraba ukingoni, naingia ndani, naandika kila mti niuonao, kisha nasogeza kamba. Kutoka darajani hadi kwenye josho la ng'ombe ni miraba ishirini na sita. Mkuyu, mringaringa, msesewe, mzambarau mwitu, mchongoma, migunga ya aina mbili, na mingine ya kuhesabu kwa vidole. Mingi imekauka hata sijui ipi ni mizima. Ni kumi na saba vilevile.

Jumamosi, 9 Machi

Uzinduzi wa bustani. Watoto wa shule wameimba, ngoma zimepigwa, Mwenyekiti amevua koti na kupanda mkaratusi mmoja hatua tano kutoka darajani. Watu wote wamepiga makofi isipokuwa mimi, niliyekuwa nimefunga mikono nyuma. Mzee Piusi, kibarua wangu wa kitaluni, amekwenda mbio kuuzungushia miiba mbuzi wasiule. Mzee huyu alifanya kazi miaka ishirini na miwili kwenye mashamba ya kahawa kule Oldeani, na hawezi kuona mche umepandwa akauacha bila ulinzi.

Mti huo mimi siuoni. Nikipita nitageuza uso.

Alhamisi, 14 Machi

Hakuna mvua. Vumbi, upepo, na sabuni imekwisha duka la ushirika.

Jumanne, 19 Machi

Imenyesha! Imeanza saa tisa alasiri, matone makubwa ya kuuma, halafu ikaachilia. Nilikuwa mraba wa kumi na moja na sikukimbia. Nimesimama nimelowa mpaka ndani ya viatu, nacheka peke yangu, na mama mmoja aliyepita darajani amenionea huruma akaniambia nirudi nyumbani, nitaugua.

Ijumaa, 22 Machi

Ishirini na mbili. Vijiti nilivyodhani vimekufa vimetoa machipukizi. Mmoja niliuvunja kwa mkono wiki iliyopita kuthibitisha umekauka, na leo umenitolea majani chini ya pale nilipouvunja. Nimeuomba radhi. Nisingependa mtu asome sentensi hiyo.

Jumatatu, 25 Machi

Siku ya mnada, unaofanyika tarehe saba na ishirini na tano kila mwezi. Nimemkamata mwizi wa magome, au ndivyo nilivyodhani. Mama wa Kimasai, umri wa dada yangu mkubwa, alikuwa anauchuna mzambarau mwitu wangu wa mraba wa nane kwa kisu kifupi. Nimemkoromea hata kabla ya salamu kwamba anaua mti wa serikali.

Hakushtuka. Akamaliza mchuno wake, akauliza, "Serikali ameupanda lini?"

Akanivuta mkono akanionyesha. Alikuwa amechuna upande wa mawio tu, ukanda usiozidi upana wa kiganja, na akapaka tope la kijitoni kwenye kidonda. Juu kidogo palikuwa na kovu la zamani, limeziba kabisa. Akasema, kama anayemweleza mtoto, kwamba akiumaliza leo, mwakani atachuna nini?

Anaitwa Nosim. Boma lake liko juu, upande wa Ngorongoro, na kila mnada huteremka kuuza mizizi na magome ya dawa na ya supu. Nilipotulia nimemsalimia vizuri, Takwenya, akaitika Iko, na tangu hapo namwita yeyo, yaani mama, kama wanavyomwita wote sokoni. Nimemwambia habari ya arobaini. Akacheka mpaka hereni zikalia. Kisha akaacha biashara yake kwa jirani, tukatembea ukingo mzima, naye akanionyesha miti sita niliyoikanyaga kila siku bila kuiona. Mmoja ni olkonyil, ambao Wamasai hutia gome lake kwenye supu, nami nilikuwa nimeuandika "mchongoma mdogo". Nimeona aibu na nimefurahi, vyote kwa pamoja.

Ishirini na nane.

Jumanne, 2 Aprili

Tumeanza kung'oa lantana, mimi na Mzee Piusi na vibarua wawili. Mikono imechanika vibaya. Lakini chini ya lantana, pale palipokuwa na giza, kuna miche! Mingine ina majani mawili, mingine manne, imejibana ikisubiri mtu aifunulie jua. Nimepiga magoti kwenye tope na daftari mdomoni. Aina tano mpya. Thelathini na tatu.

Mzee Piusi ameniuliza kama nimepoteza kitu. Nimemwambia nimekipata.

Jumapili, 7 Aprili

Pasaka. Kanisani nimeketi nyuma ya Mwenyekiti na kisogo chake kimenitoa kwenye sala. Mungu anisamehe.

Alhamisi, 11 Aprili

Siku ya tisa bila mvua. Tunanywesha miche kwa ndoo asubuhi na jioni, mraba kwa mraba. Wa Mwenyekiti pale darajani nimeuruka. Umeinamisha kichwa na majani yamesinyaa, na nakiri moyo wangu uliruka kidogo kwa furaha. Jioni nikirudi nimemkuta Mzee Piusi ameuchuchumalia na kopo. Nikamwambia maji ni ya miche ya orodha. Akajibu kwamba maji haya ni ya kwake ya kunawa. Nimechukua ndoo yangu nikaondoka.

Alhamisi, 18 Aprili

Naandika nikiwa hoi. Jana alfajiri tumepata nafasi juu ya lori la shamba la kahawa hadi Oldeani, mimi na Nosim, halafu tumepanda kwa miguu mpaka pembeni ya msitu wa juu, ambako kijito chetu kinaanzia. Mlinzi wa msitu, Lembris, alituangalia kama wawindaji haramu mpaka Nosim alipomtajia ukoo wake. Wakasemezana Kimaa kwa muda mrefu. Mwishowe ameturuhusu tuchukue miche inayoota njiani tu, ile ambayo ingekanyagwa na nyati.

Huko juu sikujua niangalie wapi. Ukungu umening'inia kwenye ndevu za miti, kila shina limevaa shina jingine, na maji yanapita chini ya mizizi yakiwa safi unayaona mawe. Kijito hikihiki! Kinachofika kwetu kikinuka dawa ya josho. Nimesimama nikaelewa kwamba kichaka changu cha darajani ni mkia wa msitu huu, na zamani ulishuka mzima mpaka mjini. Nimelia kidogo. Nosim amejifanya anafunga mzigo.

Tumerudi na aina tano, mizizi imefungwa na udongo wake ndani ya maganda ya migomba, maana viriba vya nailoni havipatikani hata Arusha. Leo zote zimepandwa, na mvua imerudi. Thelathini na nane. Sina la kusema ila thelathini na nane!

Jumamosi, 27 Aprili

Nimekutana na Mama Bernadina, mke wa Mwenyekiti, kwenye njia ya bondeni, amebeba mzigo wa kuni mrefu kuliko yeye. Ametoka nyumbani kabla ya jogoo na ilikuwa yapata saa nane mchana. Mgongo unamsumbua tangu uzazi wa mwisho. Nimempokea mzigo, na baada ya hatua mia mbili nimetamani kuutupa. Ameniambia mumewe alimwahidi kwamba mikaratusi ikikua atakata kuni karibu, kama watu wa mashambani Oldeani. Ni ahadi ya mwaka juzi.

Miezi miwili nimemwona Raphaeli kama mtu anayechukia miti. Usiku huu sina raha.

Jumatatu, 6 Mei

Sijui nianzie wapi.

Nimefika darajani saa moja asubuhi. Mzee Piusi alikuwa amesimama pale na shati lake la kanisani, kofia mkononi, anatabasamu. Nyuma yake walikuwa mkewe na shemeji zake wawili na majembe. Akasema, "Bibi Miti, nimekuandalia. Kamati wakija wakute pasafi."

Nikatazama. Kutoka daraja mpaka josho, chini ya miti palikuwa peupe kama uwanja wa kanisa. Hakuna jani. Udongo umepigwa reki, mistari ya reki inaonekana. Wamefanya kazi Jumamosi nzima na Jumapili baada ya misa, bila malipo, kwa ajili yangu.

Miche yote niliyoipata chini ya lantana haipo. Mitano ya Oldeani haipo, wala mitano kati ya ile sita aliyonionyesha Nosim, iliyokuwa michanga bado. Nimekimbia mraba kwa mraba na daftari, nafuta, nafuta. Aina kumi na tano zilikuwa ni miche tu, hazina mti mkubwa popote kando ya kijito. Nimebaki na ishirini na tatu, na siku ishirini na tano.

Kwa mtu wa kahawa, jani moja chini ya mbuni ni aibu. Miaka ishirini na miwili msimamizi alimkata posho kwa sababu ya jani. Hili nilipaswa kulijua. Ameniona nikipiga magoti na kuandika tangu Machi, na sikuwahi kumwambia kwamba kilicho chini ndicho nilichokuwa nakiandika. Nilidhani anajua, kwa sababu mimi najua.

Lakini asubuhi ile sikufikiri hayo. Nilimfokea mbele ya mkewe. Nilimwambia miaka yote hiyo kwenye mashamba hakujifunza chochote ila kuua. Mzee wa umri wa baba yangu. Aliweka jembe chini taratibu, akavaa kofia, akaondoka na watu wake.

Nimekaa kwenye tope mpaka mvua ikanifukuza.

Jumanne, 7 Mei

Siku ya mnada. Nimemweleza Nosim, nikingoja anipe pole. Hakunipa. Ameuliza swali moja tu.

"Ametupa wapi?"

Nimemtazama. Jambo hilo halikunijia hata kidogo. Nikasema mtu akipalilia anachoma au anatupa mtoni. Hapo hapo nikakumbuka kwamba mtu wa kahawa hachomi palizi. Huilundika penye unyevu, aje aitandaze shambani.

Nimekwenda nyumbani kwa Mzee Piusi karibu kwa mbio, Nosim nyuma yangu. Alikuwa anachonga mpini. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani na yote yakapotea. Nimemwambia, "Nisamehe, baba. Nilikukosea adabu, na kosa lilikuwa langu." Akapuliza vumbi la mti kwenye mpini. Kisha akauliza kama chai ninakunywa bila sukari, maana haipo.

Baada ya chai ametupeleka. Nyuma ya matete, ukingoni kabisa, malundo kumi na matatu yamepangwa mstari mmoja, mizizi imeelekezwa chini na kutupiwa udongo ili yaoze pole pole. Siku tatu za mvua! Nimefunua la kwanza. Miche ilikuwa imelala, imepauka, lakini mizizi ni mibichi. Na mzee anajua kila lundo limetoka wapi, kwani kila lundo ni la miraba miwili. Hata kamba yangu alikuwa ameifuata bila kuuliza ni ya nini.

Tumepanda mpaka hatuonani.

Jumatano, 8 Mei

Tumepanda. Mvua.

Alhamisi, 9 Mei

Tumepanda. Mke wa Piusi na shemeji zake wamekuja wenyewe. Mgongo!

Jumatatu, 13 Mei

Imesinyaa yote. Siangalii.

Alhamisi, 16 Mei

Mzee Piusi ameisimikia vivuli vya majani ya migomba, kama wanavyofanyia kahawa changa. Nisingefikiria.

Jumamosi, 25 Mei

Aina kumi na tatu kati ya kumi na tano zimeshika! Mbili tumezipoteza, zote za Oldeani. Na kuna jingine. Pale palipopigwa reki, udongo uliofunuliwa umeotesha miche ambayo haikuwahi kuwapo, mbegu zilizolala sijui tangu lini. Nosim amezitambua aina mbili mpya. Thelathini na nane tena. Nimemkumbatia Nosim na amenuka moshi na maziwa na nimempenda sana.

Jumatano, 29 Mei

Mama Bernadina amepita kuangalia kazi. Nilikuwa namsomea orodha, akanisimamisha kwenye mraba wa kumi na tisa. Akasema hii miwili nimeiandika jina moja, lakini si ndugu. Huu ukiutia jikoni unaliza nyumba nzima, ule unawaka bila moshi. Nimelinganisha majani kwa lenzi nusu saa. Amesema kweli. Kando ya mshipa wa jani, mmoja una nywele na mwingine hauna. Chuo kizima cha misitu hakikunifundisha kile ambacho mama huyu amekijua kwa macho yanayowasha.

Thelathini na tisa.

Alhamisi, 30 Mei

Leo tumetembea mara ya mwisho, mimi, Nosim na Mzee Piusi, toka joshoni kwenda darajani. Mara tatu. Thelathini na tisa, thelathini na tisa, thelathini na tisa. Mara ya tatu nilikaa kwenye ukingo wa daraja na nikashindwa kuzuia machozi. Upungufu wa mti mmoja! Kesho watafyeka kichaka chenye miti thelathini na tisa kwa sababu mimi mwezi Machi nilitaka kumshinda mtu kwa maneno.

Mzee Piusi akakohoa. Akasema, "Bibi Miti, huu nao uko hai. Nimeunywesha mwenyewe."

Alikuwa ameshika miiba ya uzio wa mkaratusi wa Mwenyekiti. Umefika magotini, majani yanang'aa. Hatua tano kutoka darajani, upande wa ndani. Mti, mchanga, ulio hai, kati ya daraja na josho.

Nosim ndiye aliyeanza kucheka. Mimi nilichelewa, kwa sababu kwanza nimeona haya. Mara ngapi nimepita hapa nikageuza uso? Na nilitamani ufe. Mzee huyu ameupa maji yake ya kunawa wakati mimi naunyima.

Nimeuandika. Mkono ulikuwa mzito kuliko siku ya mzigo wa kuni.

Ijumaa, 31 Mei

Nimesoma orodha yote kwa sauti, nikitaja na aliyenionyesha: Nosim, Mama Bernadina, Mzee Piusi. Nilipofika arobaini nikasema, "Mkaratusi, uliopandwa na Mwenyekiti tarehe tisa Machi." Kisha mjumbe mmoja akadai huo si wa kichaka, nimefanya ujanja, na wengine wawili wakamuunga mkono.

Mwenyekiti Raphaeli aliomba orodha, akaivuta karibu na macho, akakaa na ukurasa wa mwisho muda mrefu.

"Niliupanda mbele ya watoto wa shule," akasema. "Kama huu hauhesabiwi, mimi siku ile nilipanda nini?"

Arobaini. Kichaka kinabaki! Imeandikwa kwenye muhtasari na nimeisoma mara mbili.

Kabla hawajafunga kikao nikasimama tena, safari hii sauti ikiwa chini. Nikapendekeza mikaratusi elfu mbili ipandwe kwenye mteremko mkavu nyuma ya josho, mbali na maji, iwe shamba la kuni la akina mama, na mimi nitaisimamia bure Jumamosi. Mwenyekiti akaniuliza nani alinieleza habari za kuni. Nikasema nilizibeba mwenyewe. Akaitikia kwa kichwa, akamwambia katibu aandike.

Jumamosi, 8 Juni

Baridi na ukungu. Mikaratusi mia sita leo, mikono imekufa ganzi. Saa nne Mwenyekiti ametushangaza. Amekwenda darajani na jembe, akauchimbua mkaratusi wake na udongo mwingi, akaubeba kifuani mpaka mteremkoni. Amesema hataki mti wake ndio uje kukinywa kijito. Nikamkumbusha kwamba orodha inarudi thelathini na tisa. Akajibu kwamba kikao kimekwisha na yeye si mwenye kelele, labda nimshtaki mwenyewe.

Mzee Piusi amekagua shimo jipya, akamwambia Mwenyekiti amelichimba fupi. Wamelichimba upya pamoja.

Jumamosi, 22 Juni

Masika yamekwisha. Nimepita darajani peke yangu na daftari, kwa mazoea tu. Shimo la mkaratusi halikufukiwa vizuri, limebaki kibonde chenye unyevu, na katikati yake kuna kitu kimeota. Majani mawili, mviringo, kikonyo chekundu. Nimelala kifudifudi na lenzi. Si mojawapo ya thelathini na tisa. Mzee Piusi hakijui. Nosim ameshuka, amekinusa, ameonja ncha ya ulimi, akasema hajakiona maishani. Huenda ni mti, huenda ni gugu.

Mzee Piusi amekwenda kutafuta miiba. Nimeandika:

40. Sijui bado.